Robo shilingi ya shaba: kwenye madini tunadai kidogo mno

Makamanda, wiki mbili zilizopita kuna picha ilizunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Simu imekatwa katikati, mishale imechorwa: hapa shaba, hapa kobalti, hapa tantalamu, hapa dhahabu. Chini yake maandishi makubwa: SIMU HII NI MADINI YETU, TUNATAKA CHETU. Nilifurahi, nikaisambaza kwa watu kama ishirini hivi.

Usiku huo huo nikamwonyesha dada ninayekaa naye chumba kimoja hosteli. Yeye anasoma uhandisi wa elektroniki, mimi nasoma sheria, na kubishana ndiyo chakula chetu cha usiku. Akaitazama, akaniuliza swali moja tu: "Shaba iliyomo ndani ya chipu ya hiyo simu ina thamani ya shilingi ngapi?" Nikabahatisha. Elfu mbili? Elfu tano? Akacheka, akachukua kalamu.

Tuifanye hesabu pamoja, ni fupi. Chukua chipu yenye ukubwa wa sentimeta moja ya mraba, kama ukucha wa kidole kidogo. Ndani yake kuna matabaka ya nyaya nyembamba za shaba, zaidi ya kumi kwa chipu za kisasa. Tuseme tumeyakusanya yote tukayalaza pamoja, tukapata unene wa maikromita 10. Hapo tumekuwa wakarimu. Ujazo wake ni elfu-moja ya sentimeta ya ujazo, na uzito wake ni miligramu 9. Sasa tuseme kilo moja ya shaba inauzwa dola 10. Miligramu 9 zinakuwa na thamani ya dola 0.00009. Kwa dola ya shilingi 2,500, hiyo ni kama senti 22 na nusu za Kitanzania. Haifiki hata robo shilingi.

Sasa piga mrabaha. Tangu mwaka 2017 mrabaha wa shaba kwa sheria yetu ni asilimia 6. Asilimia 6 ya hizo senti ni senti moja na kidogo. Tukiingia madarakani kesho na kuupandisha mara tatu, tunapata senti nne. Na chipu kuu ya simu nzuri inauzwa makumi ya dola.

Najua mtu atasema, dada usitudanganye, shaba nyingi haiendi kwenye chipu, inaenda kwenye nyaya za umeme, mota na transfoma. Kweli kabisa, na huko tani ni tani, mrabaha wake lazima tuudai hadi senti ya mwisho. Lakini picha tuliyosambaza haikuwa ya transfoma. Tuliwaambia vijana wenzetu kwamba utajiri wa simu ni mawe yaliyomo ndani yake. Nimegundua kwamba tulikosea, na kosa hilo linatufanya tudai kitu kidogo huku kikubwa kikitupita.

Kikwazo kilikuwa waya

Kwanza tuelewe shaba ilifikaje ndani ya chipu, maana haikuwepo siku zote.

Chipu ina mabilioni ya swichi ndogo zinazoitwa transista. Swichi moja ikishafanya kazi yake, lazima ipeleke ishara kwa nyingine, na ishara hiyo inapita kwenye waya. Ukizinyoosha nyaya zote za chipu moja kubwa unapata makumi ya kilometa. Kwa miaka mingi wahandisi walizipunguza transista, na kila zilivyokuwa ndogo ndivyo zilivyokuwa na kasi zaidi. Nyaya nazo ikabidi ziwe nyembamba. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu waya ukiwa mwembamba unazidi kuwa mzito kupitisha umeme.

Mwenzangu alinieleza kwa mpira wa kumwagilia bustani. Ukifungua bomba, maji hayatoki mwisho wa mpira papo hapo, mpaka mpira ujae. Mpira mwembamba unajaa polepole, huo ndio ukinzani. Na mpira unaotanuka unataka maji mengi zaidi kabla ya kutoa, huo ndio uwezo wa waya kubeba chaji ukiwa umebanwa karibu na nyaya nyingine. Ucheleweshaji wa ishara unatokana na vitu hivyo viwili vikizidishwa pamoja. Ukiurefusha waya mara mbili, ukinzani unazidi mara mbili na chaji ya kujaza inazidi mara mbili, kwa hiyo kuchelewa kunazidi mara nne.

Sasa linganisha na muda uliopo. Chipu ya gigahezi 3 ina theluthi moja tu ya nanosekunde kwa kila pigo la saa yake. Katika muda huo hata mwanga, kitu chenye kasi kuliko vyote, unasafiri sentimeta 10 tu. Ishara kwenye waya mwembamba wa chipu iko nyuma sana ya mwanga. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa wazi kwamba unaweza kuwa na swichi hodari kiasi gani, zikabaki zinasubiriana kwa sababu ya waya.

Waya wa wakati ule ulikuwa wa alumini. Kila fundi umeme anajua shaba inapitisha umeme vizuri zaidi. Mbona basi haikutumika tangu mwanzo? Kwa sababu shaba ni sumu kwa chipu. Chembe zake zinapenya kwenye kihami na kuingia ndani ya silikoni, zikifika kwenye transista zinaiharibu. Isitoshe, alumini unaweza kuimwaga juu ya chipu kisha ukaichonga kwa gesi. Shaba haichongeki hivyo kirahisi.

Septemba 1997 kampuni ya IBM ikatangaza kwamba imepata njia, na mwaka 1998 chipu zenye nyaya za shaba zikaingia sokoni. Njia yenyewe imepewa jina linalotokana na mji wa Dameski, kwa mafundi wa zamani waliochimba vijifereji kwenye chuma na kupachika dhahabu au fedha ndani yake. Badala ya kuchonga waya, unachimba mfereji kwenye kihami, unaupaka kuta zake utando mwembamba wa kuzuia shaba isipenye, unajaza shaba kwa umeme na kemikali, kisha unasugua juu mpaka panakuwa laini kabisa. IBM walisema ukinzani ulipungua kwa karibu asilimia 40 na kasi ya chipu ingeweza kupanda hadi asilimia 15.

Ule utando wa kuzuia shaba isipenye unatengenezwa kwa nini? Kwa tantalamu. Ndiyo, hiyo hiyo inayotoka kwenye koltani ya Kivu. Rubaya, machimbo ambayo waasi wa M23 waliyateka mwaka 2024 na watu wanaendelea kufa kwa ajili yake, inatoa metali ambayo ikishasafishwa baadhi yake inakwenda kuwa ukuta wa unene wa nanomita chache pembeni mwa waya wa shaba.

Kazi haikuishia hapo. Walibadilisha pia kihami kati ya nyaya, wakachanganya kaboni kwenye kile cha zamani ili nyaya jirani zisinyang'anyane chaji. Intel walifika mahali pa kuacha mapengo ya hewa tupu kati ya baadhi ya nyaya kwenye chipu zao za nanomita 14, maana hakuna kihami rahisi kuliko hewa. Kwenye nyaya ndefu wanaweka ripita, yaani vituo vidogo vya transista vinavyoipokea ishara iliyochoka na kuisukuma upya, ili kuchelewa kuongezeke sawasawa na urefu tu badala ya kuruka mara nne. Nyaya za masafa marefu wanazipandisha matabaka ya juu ambako kuna nafasi ya kuwa nene. Na sasa Intel kwenye teknolojia yao ya 18A wamehamisha nyaya za kuleta umeme upande wa nyuma wa chipu, ili upande wa mbele ubaki kwa nyaya za ishara.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyofanikiwa kwa kuwa na shaba nyingi. Kilichouzwa ni kujua jinsi ya kuiweka robo shilingi ya shaba mahali pake bila kuua jirani zake.

Metali inabadilishwa, sisi tunabaki

Sehemu hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mfereji ukiwa mwembamba sana, ule utando wa tantalamu unakula nafasi ya shaba, na elektroni zinaanza kugonga kuta. Kwa hiyo Desemba 2017 Intel walieleza kwamba kwenye teknolojia yao ya nanomita 10 wameacha shaba kwenye matabaka mawili ya chini kabisa na kuweka kobalti. Ungekuwa waziri wa nchi yenye kobalti siku hiyo ungesema nini? Ungeitisha mkutano wa hadhara! Miaka michache baadaye, kwenye teknolojia iliyofuata ya Intel 4, walirudi kwenye shaba, safari hii ikiwa na tantalamu pembeni na utando wa kobalti. Na hivi tunavyoongea maabara kubwa zinajaribu rutheni na molibdeni kwa nyaya za kizazi kijacho, metali ambazo hazihitaji utando mnene wa kuzizuia.

Yaani mhandisi mmoja akifaulu jaribio lake maabara, mahitaji ya metali fulani kwenye chipu yanaweza kufutwa. Yeye hana hasara, maarifa yake yanahama naye kutoka shaba kwenda kobalti na kurudi tena. Mwenye jiwe hana pa kuhamia, jiwe lake liko pale pale Ngara.

Nimeitaja Ngara makusudi. Kule Kabanga kuna nikeli, shaba na kobalti. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba wa msingi, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, serikali ikapata hisa asilimia 16, na mpango uliotangazwa ni kusafishia madini hayo Kahama. Tumelisema sana hilo suala la asilimia 16, wengine wakisema ni ndogo, wengine wakisema ni ya makaratasi. Sikumbuki tukiuliza Kahama watasafisha mpaka usafi wa kiwango gani.

Na swali hilo lina pesa. Shaba ya kawaida ya soko la dunia ina usafi wa asilimia 99.99. Inayoingia kwenye mashine za kutengenezea chipu mara nyingi inatakiwa iwe asilimia 99.9999. Tofauti ni tisa mbili tu baada ya nukta. Lakini ili uzipate hizo tisa mbili lazima uwe na kemia, vipimo na watu wanaojua kusoma vipimo. Jiwe ni lile lile, bei inapanda kwa sababu ya mtu aliyelishika.

Sheria zetu zinalinda jiwe

Sasa nije kwenye uwanja wangu.

Mwaka 2017, baada ya sakata la makinikia, Bunge lilipitisha sheria tatu kwa haraka: Na. 5 ya mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake, Na. 6 ya kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, na Na. 7 iliyobadilisha sheria mbalimbali ikiwemo ya madini. Hapo ndipo tulipopata asilimia 16 za bure na mrabaha wa asilimia 6. Sheria Na. 5 inakataza hata kusafirisha rasilimali ghafi kwenda kuongezewa thamani nje.

Mtakumbuka siku zile. Makontena 277 bandarini, bili ya kodi ya dola bilioni 190, na ule utani wa kila Mtanzania kupata Noah. Mwisho wake ukawa makubaliano ya dola milioni 300 na kampuni ya ubia. Upinzani tulisema mapema kwamba hesabu zile hazikai. Tulikuwa sahihi, na wengine wetu tulilipia usahihi huo. Lakini tuwe wakweli: na sisi mjadala wetu ulikuwa kwenye wingi wa mawe ndani ya kontena. Wao walisema mengi, sisi tukasema machache. Makinikia yale yalikuwa na shaba ndani. Ni nani kati yetu aliyeuliza tuna Watanzania wangapi wanaoweza kuitoa ile shaba na kuifikisha kwenye usafi wa chipu?

Zipo sheria mbili ambazo watawala hawazitaji majukwaani, na sisi tumezisahau.

Ya kwanza ni Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018. Watu wanazijua kwa habari ya tenda za chakula na ulinzi migodini. Ukizisoma mpaka ndani, mwenye leseni anatakiwa kuwa na mpango wa ajira na mafunzo, mpango wa utafiti na maendeleo, na mpango wa kuhawilisha teknolojia. Utafiti! Uko kwenye kanuni zetu wenyewe tangu 2018.

Ya pili ni Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinamtaka waziri aweke hadharani mikataba ya madini. Bila mikataba hiyo huwezi kujua kama ile mipango ya utafiti ina meno au ni ukurasa wa kujazia faili.

Angalia wenzetu wanavyojipanga. Wamarekani mwaka 2010, kwenye kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, waliziagiza kampuni zilizo kwenye soko lao la hisa zieleze kama tantalamu, bati, tangsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi zinazopakana na Kongo. Tanzania tumo kwenye orodha, kwa sababu ya Ziwa Tanganyika. Mbunge wa Washington alijua metali zetu zinaishia wapi kiasi cha kuzitungia sheria. Wa kwetu anajua?

Mkataba wa RCA

Kuna mfano mmoja ninaupenda kwa sababu ni wa kisheria. Mwaka 1976 Taiwan, kupitia taasisi yake ya utafiti ya ITRI iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu, ilisaini mkataba na kampuni ya Marekani ya RCA. Walichonunua kilikuwa teknolojia ya chipu, tena ambayo haikuwa mpya kabisa. Lakini mkataba ulikuwa na kipengele cha mafunzo: wahandisi vijana wa Taiwan walikwenda Marekani kukaa ndani ya viwanda vya RCA na kujifunza kazi. Walirudi, wakajenga kiwanda cha mfano. Mwaka 1980 ikazaliwa UMC, mwaka 1987 ikazaliwa TSMC. Leo chipu nyingi za kisasa kuliko zote duniani zinatengenezwa na TSMC.

Taiwan ya wakati ule ilikuwa chini ya sheria za kijeshi, na mimi siisifii siasa yake hata kidogo. Wapinzani kule walifungwa. Ninachosifu ni kipengele. Haikuwa na migodi ya kobalti, ilikuwa na mwanasheria aliyejua kuandika neno "mafunzo" kwa namna inayobana.

Na tusiende mbali. Nyeri, kwa majirani zetu Kenya, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayofanya kazi hizi hizi. Ni ndogo, hailingani na Taiwan. Lakini mwanafunzi wa pale akitaka kuona chumba safi cha chipu anatembea kwa miguu.

Basi tudai nini

Najua swali linalokuja, maana nimeulizwa tayari kwenye kikao cha tawi: "Kamanda, shule hazina madawati, umeme unakatika, wewe unatuletea habari za nanomita?"

Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sidai kiwanda cha chipu. Kiwanda cha kisasa kinakula mabilioni ya dola, maji mengi na umeme usiotetereka. Mwanasiasa atakayewaahidi kiwanda hicho ndani ya miaka mitano mkimbieni, hata awe wa chama chetu. Ninayoyadai mimi ni mambo manne yanayowezekana.

Kwanza, mikataba yote ya madini iwekwe hadharani kama kifungu cha 16 kinavyosema, pamoja na mipango ya utafiti na mafunzo ya kila mgodi. Hili halihitaji bajeti, ni kupakia tu mafaili kwenye tovuti.

Pili, kila mkataba wa kusafisha madini utaje usafi unaolengwa, na useme vijana wangapi wa Kitanzania watafundishwa vipimo na kemia ya kufika huko, wapi na kwa muda gani. Kipengele kisichotaja idadi wala tarehe ni sala, na mahakama haitekelezi sala.

Tatu, vyuo vyetu vya uhandisi vifundishe usanifu wa chipu sasa hivi, kwa zana za bure. Tangu mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani wameweka wazi kanuni zote za kusanifu chipu kwa teknolojia ya nanomita 130. Wajerumani wa IHP nao wamefanya hivyo kwa teknolojia yao. Programu za kupanga transista na kuchora nyaya zipo, hazilipiwi, zinakaa kwenye laptopu ya kawaida. Teknolojia hizo mbili ni za zamani, nyaya zake bado ni za alumini. Sawa tu. Mwanafunzi atachora waya, ataona ishara inachelewa, ataweka ripita, ataona inafika kwa wakati. Mwenzangu ameshafanya hivyo peke yake usiku, kwa bando lake mwenyewe, kwa sababu kwenye kozi yake hakuna. Mnaelewa hilo? Msichana anajifunza kwa siri kitu ambacho nchi ingetakiwa kumlipia.

Nne, utafiti upewe fedha. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana mwaka 2006 kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi bado hatujaifikia. Tunapigania asilimia 16 ya mgodi kwa nguvu zote, hii asilimia 1 hakuna anayeiandikia hata bango.

Barua

Sitaki tumalizie kwenye "serikali ifanye". Watawala wanajua kutuacha tukilalamika mpaka tunachoka.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ina mapungufu, nimeiandikia insha nzima ya mapungufu yake. Lakini ipo, na haki isiyotumiwa watu wanazoea kutokuwa nayo. Barua yangu nimeshaipeleka. Ina maswali matatu: mkataba wa kusafisha madini unalenga usafi gani, mpango wa utafiti wa mwenye leseni unasemaje, na Watanzania wangapi wamefundishwa mpaka leo. Nina nakala yenye muhuri wa mapokezi na nahesabu siku.

Nawaomba kila tawi la vijana liandike barua moja. Anayetaka mfano wa barua aniandikie, nitamtumia. Ukurasa mmoja, lugha ya heshima, namba ya kifungu. Wakijibu tutayasoma majibu pamoja hapa hapa. Wasipojibu, hilo nalo ni jibu, na tutakuwa nalo kwa maandishi kwenye kila jukwaa.

Ile picha ya simu nimeifuta kwenye simu yangu. Nikipata mtu wa kunichorea nyingine, nataka mshale mmoja tu, uelekee kwenye waya mmoja ndani ya chipu, na pembeni paandikwe: shaba, robo shilingi. Halafu chini yake swali, hela iliyobaki anakula nani, na alijifunzia wapi?